Kutua na Maji

4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo. Simu ya Jumapili tumeulizana hali na kuagana, imekwisha. Barua pepe ni ya mashindano yetu ya ndege za kwenye kompyuta, kama tulivyokubaliana siku ile kituo cha basi, uliponikabidhi begi ukasema, "Kwenye simu utanidanganya kwa sauti. Kwenye barua itabidi ukae, ufikiri."

Haya, nimekaa. Jumamosi nimekuwa wa kumi na tisa kati ya ishirini na sita. Usicheke. Najua umeshaiona orodha, na najua umeshakwenda kumsimulia jirani yetu Bi Pindo dirishani kwake mpaka akasimamisha cherehani ili acheke vizuri. Wewe wa sita. Hongera, mzee Koki.

Kosa langu ni maji. Nilianza na lita mia na hamsini mabawani, nikateleza kwa kasi tamu ajabu mpaka kona ya kwanza, nikajiona malkia wa anga. Halafu nikaingia kwenye hewa ya kupanda, ikawa dhaifu. Nazunguka, nazunguka, glaida haipandi, imejaa kama ng'ombe aliyetoka kunywa. Nikaogopa. Nikafungua maji yote, dakika nne nzima nayatazama yakitoka nyuma kama moshi mweupe. Nikawa mwepesi, nikapanda vizuri. Kumbe mbele hewa ilikuwa kali kupindukia! Wenzangu wakanipita na maji yao, wazito, wana kasi, mimi napeperuka tu nyuma kama mfuko wa plastiki. Na kwenye ligi yetu ukishamwaga, umemwaga.

Huku karakanani wananiuliza Jumamosi mchana najifungia chumbani nafanya nini. Nikawaambia narusha ndege isiyo na injini kwenye kompyuta, nashindana na baba yangu aliye mbali. Mmoja akauliza isiyo na injini inaendaje. Nikamweleza: unatafuta hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, unazunguka humo mpaka juu, kisha unateleza kwenda mbele kutafuta nyingine. Akauliza, "Na maji mnabebea nini?" Nikaanza kueleza, akakumbuka ana shughuli.

Tuko wanane. Tunasugua lenzi za miwani kutwa, na mwalimu anapita nyuma yetu bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Mtihani ni tarehe 20 Juni. Anayeondoka kabla, nafasi yake anapewa mwingine kesho yake. Mimi naendelea vizuri.

Nakukumbuka sana, Baba. Nimeandika nikafuta, nimeandika tena, basi ibaki.

Binti yako,
Lenzi

6 Machi

Mama yangu,

Marahaba, na ya pili ni ya mgongo. Kaa wima unaposugua, mtu hatengenezi macho ya wenzake huku akivunja kiuno chake.

Sikumsimulia Bi Pindo. Alinisikia nikicheka peke yangu, akaja kuuliza kama nimepatwa na kitu, sasa ningefanyaje?

Msikilize fundi bomba. Miaka thelathini na moja nashika maji, na jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba maji ni mazito. Lita moja, kilo moja. Ukibeba lita mia na hamsini umembeba Bi Pindo na cherehani yake. (Usimwonyeshe.) Uzito huo unakupa kasi unapoteleza na unakutesa unapopanda. Kwa hiyo swali si kama hewa hii ni dhaifu, ni kama na zinazofuata ni dhaifu. Hewa moja mbaya ni mkosi, ya pili ni dalili, ya tatu ndiyo habari yenyewe. Hapo fungua, na usifungue yote! Mwaga theluthi, funga, sikiliza. Wewe unamwaga kama mtu aliyepewa saa moja ahame nyumba.

Na kabla ya kutua, maji yote nje, hata kama unaongoza na nyuma hakuna mtu. Ndege halisi ikitua na maji inavunjika miguu. Wengine wanacheza, sisi tunafanya mazoezi. Ndiyo maana sinyanyuki kitini mpaka mbio ziishe, hata nikibanwa. Ndiyo maana sisimamishi hata mlango ukigongwa. Ndiyo maana nilifunga koki ya shaba mkono wa kulia wa kiti changu, yenye springi, uishike dakika nne mpaka vidole vilalamike, na wewe mwenyewe ndiye uliyechomea nyaya zake za kwenda kwenye kompyuta. Siku utakayoniona natua na maji, jua nimekufa au nimebadilishwa.

Kesho nina kazi kwenye tangi la shule, lile la juu ya mnara. Valvu imekwama na watoto wananawa kwa ndoo.

Usiwaze nyumbani. Nyumbani kupo. Maliza kwanza hiyo Juni.

Baba yako,
Koki

25 Machi

Baba,

Shikamoo. Umekufa au umebadilishwa?

Wiki mbili hukushindana, ukasema kompyuta imeleta matata, nikakubali. Jumamosi umerudi, nikafurahi peke yangu chumbani kama mwehu. Nikakuona unaongoza kundi la nyuma, taratibu, sawa. Halafu ukatua. Na maji! Yote! Lita mia na hamsini, hukumwaga hata kikombe! Mwamuzi kakukata pointi hamsini, na wale vijana wa ligi wanaandika, "Mzee Koki kasahau koki." Nimeona aibu mpaka masikio yakawasha.

Wewe uliyenifokea mwaka jana kwa kunywa chai angani! Wewe uliyesema mwanafunzi wa kweli hata kukohoa akohoe kabla ya kuruka! Hebu niambie, nini kimetokea?

Na simu yako ya picha bado kioo kimepasuka? Wiki hizi zote nasikia sauti tu. Mwambie fundi simu aache utani.

Binti yako aliyeaibika,
Lenzi

27 Machi

Mama,

Marahaba. Hakuna kilichotokea. Nina nadharia mpya.

Miaka yote nawafokea watu wanaoacha bomba wazi. Sasa mimi niyamwage maji safi angani? Fundi bomba hamwagi maji. Nitabeba mwanzo mpaka mwisho, faida ya kasi italipa hizo pointi. Utaona.

Kioo cha simu kimepasuka kweli.

Baba

8 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti, lakini nikasema mzee ana kazi nyingi.

Nimeijaribu nadharia yako, na ninakiri kwa shingo upande: siku ya jua kali ina ukweli ndani yake. Jumamosi sikugusa maji mpaka kilomita kumi za mwisho. Hewa mbili mbaya nilizivumilia, nikajisemea mkosi, dalili, ya tatu ikaja nzuri. Nimekuwa wa nne, Baba! Wa nne! Nilisimama juu ya kitanda nikacheza, jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Ila mimi niliyamwaga kabla ya kutua, kwa sababu nina baba aliyenifundisha.

Wewe umetua nayo tena. Mara ya tatu mfululizo. Na safari hii mwamuzi kakupa onyo kubwa zaidi: wenzako watano walikuwa wanazunguka kulia, wewe ukaingia katikati yao ukizunguka kushoto. Kwenye anga halisi huko ni kuua watu. Aliyetangulia ndiye anayechagua upande. Hata mimi nililijua hilo wiki ya kwanza. Hiyo nayo ni nadharia ya fundi bomba?

Tuna mapumziko ya siku nne mwisho wa mwezi. Nataka nije. Nitakupikia, nitakufulia, nitakutukana ana kwa ana.

Binti yako

10 Aprili

Mama,

Usije. Safari ni ndefu na siku ni chache. Nina kazi nje ya mji wiki hiyo.

Wa nne! Nimejivuna. Shika hapo hapo.

Baba

14 Aprili

Bi Pindo mpendwa,

Shikamoo. Samahani kukuandikia ghafla, na wewe una nguo za watu.

Ligi yetu inahifadhi mchoro wa kila safari, mstari unaoonyesha ndege ilipopita tangu kuruka mpaka kutua. Jana jioni nimekaa na michoro minne ya Baba tangu aliporudi. Nimehesabu miduara yake yote. Ni sabini na moja, na yote ni ya kushoto. Nikafungua ya mwaka jana: kulia, kulia, kushoto, kulia, kama mtu yeyote.

Nikaketi, nikaushika usukani kwa mkono wa kushoto peke yake, nikajaribu kuruka. Kuvuta kuja kushoto ni rahisi. Kusukuma kwenda kulia, kiwiko kinagoma. Na ile koki yake ya maji imefungwa kulia, lazima ishikwe dakika nne. Unaona ninapoelekea.

Barua zake zimekuwa mistari mitatu. Zamani akisimulia bomba lililovuja zilikuwa kurasa mbili. Simu ya picha haitengenezeki. Nikisema nakuja, anasema usije.

Bi Pindo, mkono wa kulia wa baba yangu una nini? Ameanguka? Lini? Anakula? Anatibiwa? Anaogopa? Nakuomba kama mama yangu, usinifiche.

Binti wa jirani yako

16 Aprili

Binti yangu kipenzi,

Marahaba mwanangu. Barua yako imenikuta na pini tatu mdomoni, nusura nizimeze.

Baba yako aliniapisha. Alisema, "Bi Pindo, ukimwambia binti yangu, ujirani umekwisha." Nikaapa, na mimi nikiapa nimeapa. Kwa hiyo sikuambii kitu. Lakini umeniuliza, na sikuapa kwamba nikiulizwa nisijibu. Mtu akisalimiwa haitikii?

Umeuliza kama ameanguka. Ndiyo, ile Alhamisi ya tarehe 7 Machi, ngazi ya tangi la shule iliteleza, naye akaja chini na ngazi, na simu mfukoni. Mkono wa kulia ulivunjika juu ya kiwiko. Mfupa umeunga, plasta imetolewa, ila vidole havisikii vizuri. Gumba na cha pili vinajaribu. Vile vitatu vimelala tu.

Anakula. Kijiko anashika kushoto, nusu inaingia mdomoni na nusu shatini, na ukimsaidia anakuwa mkali kama pilipili.

Anatibiwa? Hapo ndipo nilipokuwa naomba uulize. Anatakiwa kwenda kufanya mazoezi ya mkono mara mbili kwa wiki. Alikwenda mara moja. Wakampa kimpira akibonyeze, hakikubonyezeka, akakirudisha mezani akasema ana haraka, ana kazi. Kazi gani? Hajagusa spana tangu siku ile.

Anaogopa? Juzi nilimpelekea chai, nikamkuta amekaa kwenye kile kiti chake cha kurushia ndege, alichokiunda kwa mabomba, kompyuta imezimwa. Anautazama mkono wake kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa. Nikamwambia, mzee, mficha maradhi kilio humuumbua. Akaniambia nikalie kwangu.

Hayo ndiyo majibu. Kiapo changu kizima, au sivyo? Na mwambie siku moja kwamba mimi na cherehani yangu hatufiki kilo mia na hamsini. Ile barua alinisomea mwenyewe, huku anacheka mpaka machozi. Ilikuwa siku moja kabla ya ngazi.

Mama yako wa mtaani,
Bi Pindo

17 Aprili

Baba,

Najua. Usimlaumu Bi Pindo. Miduara yako ndiyo iliyosema, yeye kaitikia tu.

Wiki sita! Wiki sita unanidanganya, na mimi nakuandikia utani wa koki! Nimekucheka mbele ya ligi nzima, Baba, na wewe ulikuwa unarusha kwa mkono mmoja. Unajua nimejisikiaje? Halafu unaniletea hadithi ya maji safi, na mimi mjinga nikaiita nadharia, nikaijaribu!

Nina hasira sana na wewe. Nakupenda sana. Vyote viwili vinanitoka kwa pamoja na sijui niandike kipi kwanza.

Nimefunga begi. Nimemwambia mwalimu naondoka. Basi ni kesho kutwa asubuhi. Miwani itasubiri.

Binti yako

18 Aprili

Mama yangu,

Barua hii nimeianza saa mbili asubuhi, sasa ni saa saba mchana. Nachapa kwa kidole kimoja, cha kushoto. Kwa hiyo nivumilie, na usiruke hata mstari mmoja.

Usipande hilo basi.

Ulikuwa na miaka kumi na saba mama yako alipougua. Ukaniambia unaacha shule wiki mbili tu umsaidie. Wiki mbili zikawa miaka miwili. Ningeweza kukukataza. Sikukukataza, kwa sababu nilikuwa naogopa kubaki na ugonjwa ule peke yangu ndani ya nyumba. Tulipomzika, shule haikuwa na nafasi tena. Hukunilaumu hata siku moja. Ungenilaumu ningepumua.

Miaka minane ukakaa dukani kwa watu unauza vifungo na nyuzi, mpaka ukapata karakana hii. Siku ile kituo cha basi nilijiapia kwamba sitakuwa tena sababu ya wewe kurudi. Wiki tatu baadaye nikaanguka. Nikiwa bado chini, matope mdomoni, kabla hata sijajua kilichovunjika, nilichowaza ni kwamba usijue.

Ukweli huu hapa. Vidole vitatu havisikii. Nikishika kikombe sijui kama nimekishika mpaka nitazame. Kwenye mazoezi sirudi kwa sababu yule kijana alinipa kimpira cha mtoto, na mimi mikono hii ilikuwa inafungua bomba lililoshikwa na kutu miaka ishirini. Nimeona haya. Fundi bomba asiye na mkono ni nani? Hilo ndilo swali ninalokaa nalo kitini.

Niliendelea kushindana kwa sababu Jumamosi mchana ndio wakati pekee ninaokuwa karibu na wewe. Hata kutua vibaya mbele yako ni bora kuliko kutokuwepo.

Ukija sasa nitafurahi siku moja, halafu nitajichukia siku zote. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako

19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefungua begi.

Sasa na mimi nina langu. Tarehe 4 Machi nilikuandikia naendelea vizuri. Siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimefeli jaribio la kwanza. Lenzi nne, zote nimezisugua kupita kiasi. Mwalimu aliziweka mezani, akasema nikifeli la pili nifungashe. Tangu hapo kila siku naingia karakanani nikijua huenda ni mara ya mwisho.

Kwa hiyo Bi Pindo aliponijibu nililia, nililia kweli, lakini chini ya kilio kulikuwa na kitu kingine, na naona aibu kukiandika. Kulikuwa na nafuu. Nilikuwa nimepata sababu ya kukimbia ambayo hakuna mtu duniani angenilaumu nayo. Wangesema, mtoto mwema, amerudi kwa baba yake. Nusu ya lile begi ilikuwa yako, Baba. Nusu ilikuwa woga wangu.

Mwalimu aliniambia, "Nenda. Kesho kutwa saa mbili kiti chako kina mtu." Leo saa moja na nusu nilikuwa nimekalia.

Tupatane hivi. Kila barua kuanzia leo inaanza na kile mtu alichoshindwa wiki hiyo. Ndipo mengine. Na wewe unakwenda kwenye mazoezi, mara mbili kwa wiki, unabonyeza mpira wa mtoto, wa mbwa, wowote watakaokupa.

Na maji ya ndege unafungua kwa mguu. Nimeuliza: wako marubani wasio na mkono au mguu wanaorusha glaida za kweli, vyombo vimebadilishwa, na hakuna anayewaambia wanacheza. Mwombe Bi Pindo ile pedali ya cherehani yake ya zamani. Nyaya nitakuelekeza kwa simu, yeye ashike, wewe ugombe.

Binti yako

28 Aprili

Mama yangu,

Nilichoshindwa: kufunga kamba za viatu. Nilijaribu kabla ya kwenda kwenye mazoezi, nikachelewa, nikaenda na ndara. Kimpira bado kinanishinda pia, lakini leo kiliingia ndani kidogo, yule kijana akashangilia kama nimefunga bao. Nikamwambia apunguze kelele. Moyoni nilipenda.

Pedali imefungwa. Mwamuzi ameikubali. Bi Pindo alishika nyaya, akaniita "mwanafunzi" mara tano nikahesabu. Jumamosi nikafika karibu na uwanja, nikakanyaga dakika nne mfululizo mguu unatetemeka, yote yakatoka. Nimetua mtupu! Wa ishirini na mbili, lakini mtupu na halali. Ulinipita juu dakika ile ile, niliona kivuli cha bawa lako. Nikakupungia. Najua huwezi kuona. Nikapunga tu.

Nawe jaribio la pili lini?

Baba

13 Mei

Baba mpenzi,

Nilichoshindwa: kutoogopa. Jaribio la pili lilikuwa leo, na lenzi ya kwanza ikanidondoka. Nikaona mwisho wangu. Halafu nikakumbuka hewa moja mbaya ni mkosi. Nikanawa uso, nikaanza ya pili polepole.

Tatu kati ya nne. Nimepita, Baba. Mwalimu alisema neno moja, "Mh." Wenzangu wanasema hiyo ni sifa kubwa, kuna watu wamemaliza hapa bila kuipata.

Umetoka wa kumi na sita. Unanikaribia, mzee wewe, na wiki hii ulimwaga theluthi kabla yangu kule kwenye mawingu yaliyotanda, ukanipita kwenye kupanda kama sipo. Nilipiga kelele za hasira. Nimefurahi wiki nzima.

Binti yako

21 Juni

Baba!

Nilichoshindwa: kula tangu juzi.

Wa pili kati ya wanane. WA PILI. Lenzi sita, zote ndani ya kipimo. Mwalimu alinipa mkono, akaniambia karakana mbili zimeniulizia na nichague taratibu. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za mlango nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni na sasa ameonekana. Nilitaka uwepo. Hilo tu.

Ile shule niliyoiacha, Baba, nisingeiacha ningejilaumu mimi. Nilikuwa nataka kukaa na Mama. Hukunilazimisha. Lishushe hilo, nakuomba.

Binti yako, fundi wa miwani

23 Juni

Mama yangu, fundi wa miwani,

Nimeisoma kwa sauti. Bi Pindo alipiga vigelegele mpaka mteja wake aliyekuwa anapimwa mabega akapiga pia bila kujua ni vya nini. Kisha akauliza, akaambiwa, akapiga upya. Mimi nilikaa chini. Wa pili! Na huyo wa kwanza nina wasiwasi naye, wachunguze lenzi zake.

Ulichosema kuhusu shule nimekisoma mara nyingi. Sijakishusha chote. Nimeanza.

Mbio za jana nimekuwa wa kumi na nne. Tuziache hizo leo.

Sasa niliyoshindwa. Daktari amesema nami Ijumaa, nikamwomba arudie polepole. Gumba na cha pili vimerudi na vitazidi kuimarika. Vile vitatu vitabaki hivyo hivyo. Spana kubwa basi. Ngazi basi. Nimelia, ndiyo, jikoni, bomba likiwa wazi ili Bi Pindo asisikie, mimi ninayewafokea watu kwa maji. Shule wameniuliza kama naweza kusimama chini na kuwaelekeza mafundi wao wapya. Nimesema nitafikiri. Sijui kama naweza kutazama mtu akikosea bila kumpokonya chombo. Sijui nitakuwa nani, mama, na nina miaka hamsini na nane.

Na kuna la pili nililoshindwa. Kutwa nzima nimejaribu kuimaliza barua hii bila neno moja. Nimeliandika nikalifuta, mara tatu. Nilikuwa na kisingizio kizuri, mtihani, na mtihani umekwisha. Kupika naweza sasa, kufua naweza, kamba za viatu nafunga mara moja katika kila majaribio matano. Si kwa hayo. Nyumba ina kimya, na mimi naogopa, na nikiogopa ninayetaka kumwona ni wewe.

Njoo, mama. Kaa wiki, kaa mwezi, halafu nenda karakana yoyote uliyoichagua, mimi mwenyewe nitakubebea begi kwa mkono wa kushoto mpaka kituoni. Lakini kwanza njoo.

Baba yako